Kitabu, Fishi na Komisioneri: Habari za Nyumba katika Miji ya Kongo tangu 1885

Kazi ya wakala wa nyumba, popote inapofanyika, husimama juu ya majibu ya maswali matatu. Nyumba iko wapi hasa, na mipaka ya kiwanja chake ni ipi? Ni mali ya nani? Je, mwenyewe anataka kuiuza au kuipangisha, na kwa bei gani? Siku hizi majibu hayo hutafutwa kwa kompyuta, na wataalamu wa uongozi wa makampuni huita jumla ya majibu na vyombo vyake mfumo wa habari. Lakini mfumo wa habari ni wa zamani kuliko kompyuta. Daftari ni mfumo wa habari, na ramani vilevile; hata kumbukumbu ya mzee wa mtaa, anayejua nani alijenga kabla ya nani, ni mfumo wa habari. Historia ya biashara ya nyumba katika miji ya Kongo yaonyesha kwamba habari hazikukosekana tangu mwanzo. Ziliwekwa katika madaftari mawili yasiyosomana, na katika nafasi iliyo kati ya madaftari hayo akazaliwa mtu anayeitwa komisioneri.

Daftari la kwanza lilikuja pamoja na Dola Huru la Kongo. Tarehe 1 Julai 1885, Francis de Winton, aliyekuwa Msimamizi Mkuu wa dola hilo, alitoa amri kwamba ardhi isiyokaliwa ihesabiwe kuwa mali ya dola, na kwamba hakuna aruhusiwaye kuikalia bila hati. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo likafuata agizo la kuandikisha mali isiyohamishika. Utaratibu uliowekwa haukutoka Ubelgiji. Ulifuata mfano wa Australia ya Kusini, ambako Robert Torrens, aliyewahi kuwa ofisa wa forodha mjini Adelaide, alifanikisha sheria yake mwaka 1858. Torrens alikuwa amezoea rejista za meli. Mtu akitaka kujua meli ni ya nani hafungui rundo la mikataba ya zamani. Hutazama ukurasa mmoja. Torrens alitaka ardhi nayo iwe hivyo.

Hapa inafaa kueleza tofauti moja, kwa maana bila hiyo mambo ya baadaye hayaeleweki. Katika sheria ya Ufaransa na ya Ubelgiji, mapatano kati ya muuzaji na mnunuzi ndiyo yanayohamisha mali. Daftari la serikali huja nyuma, kuyatangaza mapatano hayo kwa watu wengine. Katika utaratibu wa Torrens mali huhama pale jina linapoandikwa kitabuni, wala si kabla. Mtu aweza kulipa fedha zote, akapokea funguo, akakaa miaka 20, na bado kitabu kisimjue.

Kwa Leopold II na makampuni yake faida ya utaratibu huo ilikuwa kubwa. Mtu aliyekaa Antwerp aliweza kununua ardhi asiyoiona kutoka kwa mwingine ambaye naye hakuiona, na wote wawili wakalala usingizi, kwa sababu ukurasa ulikuwa mmoja. Kwa wenyeji ulikuwa na maana nyingine. Agizo la tarehe 14 Septemba 1886 lilisema kwamba ardhi zinazokaliwa na wenyeji zitaendelea kufuata desturi zao. Maneno hayo yasikika kama ulinzi, na kwa kiasi fulani yalikuwa ulinzi. Kwa upande wa habari, hata hivyo, yaliacha pengo kubwa: ardhi za kidesturi hazikupimwa wala kuandikwa, na ardhi isiyoandikwa ilikuwa rahisi kuitwa tupu.

Huko Katanga ardhi ilikuwa na msimamizi wa pekee. Mwaka 1900 Dola Huru na Kampuni ya Katanga ziliunda Comité Spécial du Katanga, yaani C.S.K., isimamie ardhi na madini ya jimbo kwa niaba ya pande zote mbili, theluthi mbili za faida zikiwa za dola na theluthi moja ya kampuni. Mpaka mwaka 1910 C.S.K. iliongoza hata utawala wa jimbo. Baada ya hapo ilibaki na mali yake, na ikawa nayo hadi mwaka 1960. Mji wa Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ulianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule reli kutoka kusini ilipofika. Barabara zilichorwa kwa mistari iliyonyooka na kukatana, na viwanja vikagawanywa karatasini kabla ya kujengwa. C.S.K. ilikuwa na wapimaji wake na idara yake ya jiografia na jiolojia, ambayo ilitoa Atlasi ya Katanga. Ukiitazama kwa macho ya leo, C.S.K. ilikuwa wakala wa viwanja aliyekamilika kuliko wote waliomfuata, kwa kuwa ilikuwa na mali na vilevile ramani ya mali hiyo. Mnunuzi Mzungu hakuwa na haja ya kuzunguka mjini akiuliza watu.

Mwafrika aliyekaa ng'ambo ya eneo la wazi lililotenganisha mji wa Wazungu na mitaa ya Waafrika hakuwa na ofisi kama hiyo. Katika mtaa wa Albert, ambao leo ni Kamalondo, kisha Kenya, na baada ya Vita Kuu ya Pili Katuba na Ruashi, mtu alipewa mahali pa kukaa kwa kibali. Agizo la tarehe 23 Novemba 1931 liliunda vituo vya Waafrika wa mijini walio nje ya utawala wa kidesturi, vyenye wakuu wao na maandishi yao. Katika miji mingi mkaaji alipewa kijitabu cha mwenye nyumba. Kijitabu hicho kilimtambua mtu na mahali pake, hakikumpa mali. Kilikuwa daftari la aina nyingine kabisa. Kitabu cha mhifadhi wa hati, ambaye watu humwita konsevatere, kiliuliza ardhi hii ni ya nani. Daftari la mtaa liliuliza mtu huyu analala wapi. Lilikuwa chombo cha ulinzi na cha kodi kabla ya kugeuzwa na watu wenyewe kuwa chombo cha mali. Katika makambi ya Union Minière jambo lilikuwa wazi zaidi, maana nyumba ilifuata kazi, na mfanyakazi aliyeachishwa kazi aliiacha na nyumba.

Mwaka 1952 serikali ya kikoloni iliunda Ofisi ya Mitaa ya Waafrika, iliyojenga nyumba nyingi katika miji mikubwa, na tarehe 10 Februari 1953 likatolewa agizo la kuwaruhusu Wakongo kumiliki mali isiyohamishika mmoja mmoja. Ilikuwa miaka 68 tangu kitabu kifunguliwe, na miaka saba kabla ya uhuru. Muda huo haukutosha kuwahamisha watu kutoka daftari moja kwenda jingine. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani, aliandika historia ya Élisabethville katika Kiswahili cha mji huo. Wataalamu wa lugha wameichunguza sana kwa sarufi yake na msamiati wake. Yafaa isomwe pia kwa jambo hili: imetungwa na watu waliofagia na kupika ndani ya nyumba zilizomo kitabuni, wakati wao wenyewe hawakuwamo.

Uhuru haukuyaunganisha madaftari. Sheria ya tarehe 7 Juni 1966, inayojulikana kwa jina la Bakajika, ilirudisha mikononi mwa taifa ardhi zilizotolewa kabla ya uhuru. Sheria nambari 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973 ikatangaza kwamba ardhi ni mali ya serikali peke yake na haiuziki. Kuanzia hapo mtu alipewa haki ya kuitumia ardhi, haki ya kudumu kwa raia, na ya miaka 25 inayoweza kurudiwa kwa mgeni au kampuni. Majengo yaliyo juu yake ndiyo yaliyokuwa mali yake. Roho ya Torrens, hata hivyo, ilibaki ndani ya sheria hiyo bila kuguswa. Haki ilithibitishwa kwa hati ya uandikishaji tu, hati yenye nakala mbili, moja ikikaa katika kitabu cha konsevatere na ya pili mkononi mwa mwenyewe. Na baada ya miaka miwili, kwa kanuni, hakuna aliyeweza kuishambulia mahakamani. Sheria hiyohiyo iliahidi kwamba haki za watu juu ya ardhi za kidesturi zingepangwa kwa amri ya Rais. Amri hiyo ilingojewa kwa miongo mingi.

Miezi mitano haijaisha zawadi mpya ikatangazwa. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alianzisha zairianizasio, na maduka, mashamba na majengo ya wageni yakakabidhiwa kwa raia. Miaka michache baadaye sehemu yake ikarudishwa kwa wenyewe wa kwanza. Ni vigumu kufikiri jaribio kali zaidi kwa daftari lolote. Jengo moja liliweza kuwa na mwenyewe wa kitabuni aliyekwisha rudi Ulaya, na mpokeaji wa 1973 mwenye barua ya serikali, na mpangaji aliyelipa kodi kwa huyu huku akiandikiwa barua na yule. Kila mmoja alikuwa na karatasi, na kila karatasi ilikuwa na mhuri.

Wakati huohuo miji ilipanuka, na ilipanuka mahali ambapo kitabu hakikufika. Katika Kiswahili cha Lubumbashi kiwanja cha makazi huitwa lupango, neno ambalo asili yake ni ua au boma. Msomaji wa Tanzania atashangaa, kwa kuwa kwake lupango, katika lugha ya mitaani, ni mahabusu. Neno la Lubumbashi lina maana nzuri ya kihistoria: lupango hutambulika kwa uzio wake na kwa watu waliomo, hata kama halina namba ya kadasta. Mtu alipata lupango kwa shefu wa kidesturi aliyekuwa mwenye ardhi ya pembezoni, au kwa mkuu wa mtaa, au kwa komini, akapewa karatasi iitwayo fishi. Kisheria fishi ni mwanzo tu. Baada yake mwombaji hupaswa kupata mkataba wa muda usiozidi miaka mitatu, kujenga, kuwaleta wapimaji waweke mawe ya mipaka, kisha kusaini mkataba wa kudumu na kupata hati. Njia hiyo ina ofisi nyingi na ada nyingi, na mtu ambaye tayari analala ndani ya nyumba yake haoni haraka. Hivyo fishi ikageuka kuwa hati ya maskini, ikanunuliwa na kuuzwa na kurithiwa. Udhaifu wake wajulikana na kila mtu: mwenye mhuri akitaka, hutoa ya pili juu ya lupango lilelile.

Isidhaniwe kwamba mwenye hati kamili yuko salama kila mara. Mzee akifariki, warithi wanapaswa kulihamisha jina mbele ya konsevatere. Wengi hawafanyi hivyo, ama kwa gharama, ama kwa sababu kuandika jina moja kungewasha ugomvi kati ya ndugu. Kitabu huendelea kumtaja marehemu huku wajukuu wakipangisha vyumba. Wakala makini atakayekwenda kuuliza kwa konsevatere atapata jibu sahihi kisheria lisilomfaa kitu.

Komisioneri hukaa hapohapo. Pwani angeitwa dalali, neno la Kiarabu ambalo Kiswahili kimelipokea zamani. Katika miji ya Kongo neno la Kifaransa limeshinda. Kwa kawaida hana ofisi. Ana kona yake ya barabara, wenzake, daftari dogo, na tangu simu za mkononi zienee, namba nyingi na picha. Anajua nani anahama mwisho wa mwezi, nani anatafuta fedha za matibabu na atakubali bei ya chini, mjane gani ana mashemeji wanaomsumbua. Habari hizo hazimo katika kitabu wala katika fishi, na ndizo zinazoamua kama nyumba itauzwa. Wasomi wengi humdharau komisioneri kama mtu wa maneno mengi na uongo kidogo. Wamsahau kama mtunza kumbukumbu, na hilo ni kosa, kwa maana yeye ndiye anayejibu yale maswali matatu yote kwa pamoja, kwa miguu yake.

Ila habari ndiyo mtaji wake wote, kwa hiyo huificha. Nyumba moja hupitia kwa makomisioneri watatu au wanne. Kila mmoja humficha mwenzake jina la mwenye nyumba mpaka ahakikishe sehemu yake ya malipo, na bei hubadilika kadiri mnyororo unavyorefuka. Mteja hulipa ada ya kutembezwa hata kama hakuna anachopewa. Mnunuzi hawezi kulinganisha bei, kwa kuwa bei za mauzo yaliyopita hazijulikani ila kwa waliokuwapo. Benki nayo huuliza hati ya uandikishaji kabla ya kutoa mkopo, maana rehani huandikwa juu ya hati. Mwenye fishi, hata akiwa na nyumba imara ya matofali ya kuchoma, hukopa kwa jamaa.

Ushahidi ulio wazi zaidi umeandikwa ukutani. Kinshasa, Lubumbashi na kwingineko, kuta nyingi zina maneno ya rangi kubwa, kwa Kifaransa, yasemayo kwamba kiwanja hiki hakiuzwi. Mgeni hucheka: mbona kutangaza usichokiuza? Mwenye nyumba hacheki. Anajua kwamba akisafiri, mtu asiyemjua anaweza kumwonyesha mnunuzi nyumba hiyo pamoja na karatasi za kupendeza. Ukuta umekuwa ukurasa wa daftari, ukurasa pekee ambao mnunuzi hana budi kuusoma kabla ya kulipa.

Gharama ya hali hii ilionekana kwa uchungu miaka ya 1992 na 1993, wakati watu wengi wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Likasi, Kolwezi na sehemu nyingine za Katanga. Walioishi kwenye vituo vya reli wakingoja treni walikuwa wameacha nyumba nyuma yao, au wameziuza kwa haraka kwa bei isiyo bei. Mauzo ya namna hiyo hayasubiri konsevatere. Mnunuzi alipata karatasi iliyoandikwa kwa mkono na kusainiwa mbele ya jirani, na mahakama zikaachiwa kazi ya kupima kama sahihi iliyowekwa chini ya hofu ni sahihi.

Si Kongo peke yake iliyojua uzito wa yule anayeshika daftari. Mwezi wa Oktoba 1871 moto mkubwa uliteketeza Chicago, na madaftari ya ardhi ya serikali yakaungua pamoja na jumba lililoyahifadhi. Ardhi ilibaki, ila haikujulikana tena kisheria ni ya nani. Yaliyookoka yalikuwa vitabu vya makampuni binafsi yaliyozoea kunakili muhtasari wa kila uhamisho kwa ajili ya wateja wao. Mwaka 1872 jimbo la Illinois lilitunga sheria maalumu ya maandishi yaliyoungua, na vitabu vya wafanyabiashara vikategemewa katika kuthibitisha mali. Katika mji huohuo, mwaka 1908, mawakala wa nyumba wa Marekani waliunda chama chao cha taifa. Desturi yao ya kubadilishana orodha za nyumba, ambayo baadaye iliingia katika vitabu vya kuchapwa na kisha katika kompyuta, yasifiwa sana na wanaofundisha biashara hii. Yafaa kukumbuka kwamba mawakala hao walishirikiana orodha ya bei wakiwa na njia ya kuaminika ya kujua nani ni mwenyewe. Komisioneri wa Lubumbashi akimwambia mwenzake jina la mwenye nyumba, amempa kila kitu.

Goma ilipatwa na jambo lililo kinyume cha Chicago. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilimwaga lava hadi ndani ya mji, ikafunika sehemu ya katikati na maelfu ya nyumba. Safari hii ni ardhi yenyewe iliyotoweka chini ya jiwe jeusi, pamoja na nyua, miti na mawe ya mipaka. Watu walirudi, wakajenga juu ya lava. Katika hali kama hiyo, mtu ambaye mipaka yake imepimwa anaweza kuitafuta upya. Mwenye lupango lililojulikana kwa mti na kwa jirani hutegemea jirani huyo awe hai na awe mkweli.

Tangu mwaka 2013, ilipoundwa Tume ya Taifa ya Mageuzi ya Ardhi, mazungumzo ya kuingiza kadasta ya Kongo katika kompyuta yamefanyika mara nyingi. Nchi jirani zimetangulia: Kenya ilizindua mfumo wa Ardhisasa mjini Nairobi mwezi wa Aprili 2021, na Rwanda, kati ya mwaka 2009 na 2013, iliandikisha zaidi ya vipande milioni 10 vya ardhi. Mfano wa Rwanda unastahili kuangaliwa kwa utaratibu wake kuliko kwa mashine zake. Kabla ya kompyuta kupokea jina lolote, watu waliofunzwa walipita kila kilima na picha zilizopigwa kutoka angani, majirani wakasimama mipakani, mstari ukachorwa mbele yao. Yaani kilichoandikwa kwanza ni yale ambayo Kongo inayaacha katika kumbukumbu ya wazee na ya komisioneri. Na hata huko, baada ya kazi kubwa hiyo, mauzo mengi ya vipande vidogo vijijini yaliendelea kufanyika bila kuandikwa, kwa kuwa ada ya kuhamisha jina ilikuwa nzito ikilinganishwa na thamani ya kipande.

Kwa Lubumbashi, basi, kunakili kitabu cha konsevatere katika kompyuta ndiyo sehemu rahisi ya kazi. Sehemu ngumu ni fishi za komini, zilizo nyingi, zinazopingana, na zinazokaliwa na watu. Mfumo utakaozikataa utawafanya wenye fishi kuwa wavamizi kwa siku moja. Utakaozipokea zote bila kuuliza utaandika wenyewe wawili juu ya lupango moja. Kati ya njia hizo mbili hakuna nyingine ila kwenda kuuliza mtaa kwa mtaa, mbele ya majirani, na katika mitaa mingi anayejua pa kuanzia kuuliza ni komisioneri.